Anayeuguza naye aambiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu hapa Pemba tunaliona dogo. Jambo lenyewe ni matayarisho ya mgonjwa aliyepangiwa siku ya kulazwa na kupasuliwa. Simzungumzii aliyepata ajali, wala mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane. Namzungumzia yule aliyepewa tarehe wiki kadhaa mbele, ambaye sisi jamaa zake tuna kila nafasi ya kumtayarisha, na hata hivyo tunamharibia.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwanangu wa kiume, akiwa na umri wa miaka sita, alipangiwa kupasuliwa ngiri katika hospitali moja ya hapa kisiwani. Siitaji hospitali hiyo, kwani sikusudii kumlaumu mtu. Nyumbani tulijitayarisha kama watu wanaokwenda safari. Tulitia kikapuni mashuka, kanga, mkeka, sahani, chupa ya chai na mkate wa kumimina kwa ajili ya watakaokesha naye. Tuliamini kwamba hatukusahau kitu.

Jioni ya kulazwa niliambiwa kwamba mtoto asile wala asinywe kitu tangu saa sita za usiku. Nikaitikia. Lakini wodini hakubaki mama yake, kwa kuwa alikuwa ana mtoto mchanga anayenyonya. Aliyebaki ni mama yangu mzazi. Mimi nilidhani mke wangu amekwisha kumwambia, na mke wangu alidhani nimemwambia mimi. Alfajiri mtoto akaamka, akalia njaa. Bibi yake akafanya kile ambacho bibi yeyote angekifanya. Akamchovyea mkate katika chai ya maziwa, akamlisha.

Asubuhi mwuguzi alipokuja kumchukua aliuliza, "Kala kitu?" Mimi nikajibu bila kusita, "Hajala." Mtoto mwenyewe ndiye aliyesema, "Bibi kanipa mkate."

Ndugu Mhariri, maneno yale matatu ya mtoto nayakumbuka mpaka leo. Kama angekuwa bado hajajua kusema, angeingizwa chumba cha upasuaji na tumbo lililojaa, kwa ushahidi wangu mimi baba yake. Operesheni iliahirishwa, tukarudi nyumbani na kikapu chetu, na nafasi ya siku ile ikapotea, ilhali pengine alikuwapo mwingine aliyekuwa akiihitaji. Tulirudi baada ya mwezi mmoja. Alhamdulillahi, mtoto alipasuliwa salama na sasa anasoma skuli.

Mama yangu alilia siku ile, akaniambia, "Mngeniambia, nisingempa. Kwani mimi sijui kufunga?"

Hapo ndipo penye hoja yangu. Watu wa kisiwa hiki tunajua kufunga. Mwezi wa Ramadhani nyumba nzima huacha kula na kunywa inapotimia imsaki, na hakuna anayehitaji kusimamiwa na polisi. Hatushindwi na sharti la kutokula. Tunachokosa ni kuambiwa, na kuambiwa sababu yake. Mtu asiyejua sababu hudhani kwamba ni ukali wa hospitali tu, na kwamba kikombe kimoja cha uji hakina madhara.

Sababu yenyewe ni nyepesi kueleweka. Mtu mzima wa afya chakula kikimpalia hukohoa na kukitoa. Lakini aliyepewa dawa ya usingizi hawezi kukohoa. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda kooni na kuingia katika mapafu, na hapo mgonjwa anaweza kufa hata kama kilichompeleka hospitali ni ngiri ndogo. Kwa kawaida chakula na maziwa huachwa kwa muda usiopungua saa 6 kabla ya dawa hiyo, na maji matupu kwa muda usiopungua saa 2. Uji na chai ya maziwa ni chakula. Daktari akiweka muda mrefu zaidi ya huo, afuatwe yeye.

Sasa, ni nani anayeyasikia maelezo haya? Mara nyingi huambiwa mgonjwa mwenyewe, ambaye ana hofu na hasikii vizuri, au huambiwa mwanamme aliyemsindikiza, ambaye jioni huondoka. Anayelala chini ya kitanda juu ya mkeka, anayemnywesha mgonjwa na kumgeuza, ni shangazi, dada au bibi aliyefika magharibi. Huyo haambiwi neno. Tunamkabidhi mgonjwa bila kumkabidhi masharti yake.

Wala chakula si sharti pekee. Anayeuguza ndiye anayejua kwamba mgonjwa anatumia dawa za presha au sukari, au kwamba wiki iliyopita alikunywa dawa za miti shamba. Tunaona haya kuyasema hayo mbele ya daktari. Daktari haulizi ili amcheke mtu. Zipo dawa zinazoifanya damu ikawie kuganda, na zipo zinazopingana na dawa ya usingizi. Dawa zote zifungwe katika mfuko, zipelekwe na kuoneshwa. Kina mama nao wakumbushwe kwamba aliyepangiwa kupasuliwa baada ya harusi au sikukuu asipake piko vidoleni, maana weusi ule unaweza kukizuia kile kifaa cha kidoleni kinachopima hewa katika damu.

Jambo jingine ni damu. Zipo operesheni ambazo huhitaji damu iwe tayari. Desturi yetu ni kusubiri tuambiwe kwamba damu haipo, kisha vijana wa mtaa mzima wapande gari kwenda hospitali. Moyo huo ni mzuri, lakini wakati wake umepita. Damu iliyotolewa haiendi moja kwa moja kwa mgonjwa. Ni lazima ipimwe kwanza kundi lake, virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Ikihifadhiwa vizuri katika baridi hukaa zaidi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo jamaa mwenye afya atoe damu tarehe inapotolewa, asingoje asubuhi ya kupasuliwa.

Ndugu Mhariri, mtu asidhani kwamba kuulizana na kukumbushana ni mambo madogo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji, kama vile jina la mgonjwa na mahali pa kupasuliwa. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji 8 duniani, na mmoja wa miji hiyo ni Ifakara, hapa hapa Tanzania. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionesha kwamba vifo baada ya upasuaji vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hapakuletwa mashine mpya wala dawa mpya. Watu waliulizana tu. Ikiwa mabingwa wenyewe wanahitaji kukumbushana, sisi wa nyumbani tunajitegemea vipi?

Hapa Pemba tuna Hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Tuna pia hospitali za Chake Chake, Wete na Micheweni. Mgonjwa anayetoka Kojani huanza safari yake kwa chombo cha baharini kabla hajapanda gari. Mtu kama huyo akirudishwa kwa sababu ya kikombe cha chai, hasara yake si ya siku moja. Amepoteza nauli, amepoteza kazi, na wengine hukata tamaa wasirudi tena.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila anayepewa tarehe ya kupasuliwa apewe pia karatasi ya Kiswahili chepesi, yenye maandishi makubwa, inayoeleza masharti na sababu zake. Pili, jioni ya kulazwa mwuguzi aulize, "Nani atalala na mgonjwa huyu?" Huyo ndiye aelezwe, kisha atakiwe ayarudie maelezo kwa kinywa chake. Tatu, sisi wenye wagonjwa tuchague mtu mmoja wa kushika masharti, na kila anayempokea zamu aambiwe kabla hajakaa kitandani.

Najua baadhi ya wauguzi watasema kwamba wao ni wachache na kazi ni nyingi. Ni kweli, nami nimewaona wakihangaika. Lakini maelezo ya dakika mbili hayalingani na operesheni nzima iliyoahirishwa, wala hayalingani hata kidogo na roho ya mtu.

Siku hizi nikisikia jirani amepewa tarehe ya kulazwa, siulizi kama mashuka yako tayari. Nauliza ni nani atakayelala naye, na kama ameambiwa. Nawaomba wananchi wenzangu nao waulize hivyo.



Mzazi,
Wete, Pemba.