KOMPYUTA ZA BEI NAFUU HUKWAMA WAPI?

Si ajabu siku hizi, Unguja na Pemba, kumkuta kijana ameinamia kompyuta ya mkononi akicheza mpira, na picha zikasita kila anapotaka kupiga shuti. Mzee wake husema mashine imeharibiwa na michezo. Muuzaji humshauri anunue nyingine. Kwa maoni yetu wote wawili wamekosea, na kosa lao hugharimu fedha za wazazi na, lililo zito zaidi, laweza kugharimu fedha za umma.

Yafaa ifahamike kwamba kompyuta haina nguvu moja. Ina viungo kadhaa, na mwendo wake ni mwendo wa kiungo kinachobana. Anayeijua bandari hahitaji maelezo marefu: meli hata iwe na winchi kumi, geti likiwa moja mizigo itatoka kwa mwendo wa geti. Ili mchezo uonekane laini, mashine hutakiwa kuchora picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha ipate chini ya milisekunde 17. Kiungo kimoja kikichelewa, vingine vyote hungoja.

Kompyuta nyingi za bei ndogo hazina kadi ya picha ya peke yake. Kazi ya kuchora hufanywa na sehemu iliyomo ndani ya prosesa, nayo hukopa kumbukumbu ya RAM ileile itumiwayo na programu nyinginezo. Mashine ya GB 4 inayoendesha Windows 11, mfumo ambao wenyewe hudai GB 4 kwa uchache, inabakiwa na nini? Hukimbilia diski, na ikiwa ni diski ya kuzunguka, kijana atakunywa chai yake yote akingoja. Tena liko jambo ambalo mnunuzi haambiwi dukani: GB 8 zilizo katika kijiti kimoja hupitisha, kwa hesabu, nusu tu ya data ipitishwayo na vijiti viwili vya GB 4. Kwa hiyo kijiti cha pili chaweza kufaa kuliko kompyuta mpya, iwapo mashine ina nafasi ya kukitia. Nyingine kumbukumbu yake imechomelewa ubaoni.

Halafu kuna joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo isije ikaungua. Wakati wa kaskazi, feni imejaa vumbi na mashine imelazwa juu ya godoro (tumewaona wengi), nani wa kulaumiwa?

Wala lebo isitudanganye. Zipo Core i7 za mwaka 2010 zenye viini viwili tu. Na mara nyingine mashine haikubadilika hata kidogo, bali mchezo ndio uliobadilika. Tarehe 27 Septemba 2023 Counter-Strike 2 ilishika nafasi ya mchezo wa mwaka 2012. Ule wa zamani ulidai RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 15 katika diski. Mpya ukadai GB 8 na GB 85. Aliyecheza jana, leo akafungiwa mlango. Kwa michezo mingine, kupunguza nukta za kioo kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1366 kwa 768 hupunguza kazi ya kuchora kwa karibu nusu, bila kulipa hata senti.

Tunawaandikia haya pia waheshimiwa wanaoidhinisha ununuzi wa vifaa vya skuli na ofisi. Mashine inayokwama mchezoni kwa uhaba wa RAM itakwama vilevile mbele ya mwalimu aliyefungua hesabu za darasa, barua na ramani kwa pamoja. Zabuni ikitazama bei na lebo pekee, stoo itajaa vitu visivyofaa. Masharti yataje RAM ya GB 8, diski ya SSD, nafasi ya kijiti cha pili, na feni inayofunguka ili isafishwe. Na kabla ya mkataba kutiwa saini, mashine ya mfano iendeshwe saa nzima kwa kazi nzito, mchana, katika chumba kisicho na kiyoyozi. Waitwe na vijana wawili watatu wa michezo waitazame. Wao wataona mapema kuliko kamati pale inapoanza kusita.