Mabinti Kwenye Bango

Ukijaaliwa kufika New York usiishie kupiga picha na Sanamu ya Uhuru. Nenda East Houston Street, namba 179, uingie duka la vyakula la Kiyahudi linaloitwa Russ & Daughters, yaani Russ na Binti Zake. Jamani, harufu! Samaki wa moshi, vitunguu, kachumbari za siki. Mate yalinijaa kabla sijafika kaunta.

Unachukua namba, unasubiri zamu. Ukiitwa, muuzaji mwenye koti jeupe anakukatia samoni kwa mkono, vipande vyembamba hasa. Anavipanga juu ya begeli, ule mkate wa duara wenye tundu katikati, pamoja na jibini laini na kitunguu. Kwa sisi tuliolelewa na ng'onda, chumvi ile si ngeni kabisa.

Nyama usiulize. Wayahudi wanaoshika mila hawachanganyi nyama na maziwa, kwa hiyo maduka yao yaligawana kazi: huku samaki na jibini, kule nyama. Ukitaka nyama, Katz's wapo mtaa huohuo, namba 205.

Ila mimi kilichonikamata ni lile jina. Joel Russ alikuwa mhamiaji kutoka Ulaya Mashariki, akaanza na biashara ya kutembeza, kisha akafungua duka mwaka 1914. Hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na Hattie, Ida na Anne, na wote watatu walikulia kwenye kazi, mikono ndani ya mapipa ya samaki wa chumvi. Basi miaka ya 1930 mzee akawafanya wabia kamili na kubadili jina la duka, wakati ambapo wafanyabiashara wenzake walikuwa wakiandika "na Wanawe" wakimaanisha wa kiume. Wakwe nao walikuja kufanya kazi humohumo, chini ya bango la wake zao! Leo duka liko kizazi cha nne, linaendeshwa na binamu wawili, mwanamke na mwanaume.

Sasa turudi kwetu. Ni mke gani humjui anayefungua duka alfajiri, anayejua nani anadaiwa na mzigo utaingia lini, halafu leseni ina jina la mume peke yake? Siku zote ni "letu, mpenzi." Ikitokea talaka, au mume akifariki, shemeji wanakuja na kufuli, na dada wa watu anaulizwa karatasi. Hana. Miaka kumi ya jasho inageuka kuwa "alikuwa anamsaidia tu mumewe."

Russ hakuwapa binti zake zawadi. Aliandika kile ambacho tayari kilikuwa kweli.

Kwa hiyo mwezi huu, kabla hamjabishana rangi ya mapazia, kaeni wawili, itoeni ile leseni kabatini, msome majina yaliyomo. Kama lako halipo, uliza. Kwa upole, lakini uliza.

Tukutane mwezi ujao!