Hori ya Ng'ombe Haingoji Saruji

Maneno haya husikika mara nyingi barazani, tangu Muheza hata Pangani: "Tutajenga hori tutakapopata saruji." Wengine husema, "Twangoja mradi." Na wakati wangojapo, ng'ombe wa maziwa aliyenunuliwa kwa fedha nyingi yumo bandani, akitupiwa majani juu ya samadi. Twasema wazi ya kuwa desturi hii ni mbaya, tena udhuru wake si wa kweli.

Na tuhesabu. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji majani mabichi kilo 50 hata 60 kila siku, kwa kuwa mabingobingo yana maji mengi kuliko chakula. Tuseme thuluthi moja yakanyagwa na kutiwa mkojo. Hizo ni kilo 17 hata 20, mzigo mzima wa kichwani. Nani aliyeuchukua mzigo ule? Si bwana mwenye banda. Ni mkewe aliyeukata ukingoni mwa mto, au mtoto aliyeamshwa kabla ya alfajiri akafika shuleni amechelewa, shingo yauma, naye asinzia mbele ya ubao. Sisi walimu twawaona watoto hao. Asemaye hori si lazima, anena hivyo kwa sababu nguvu zipoteazo si zake.

Wako wajibuo ya kuwa wazee wetu walifuga ng'ombe wala hawakuwa na hori. Ni kweli, walakini ng'ombe wa wazee alikwenda machungani, akala hapa akaacha pale. Wa leo amefungiwa. Tangu mwaka 1985, Serikali ya Tanzania na ya Uholanzi zilipoanza kuwasaidia wafugaji wadogo wa maziwa mkoani Tanga, watu wengi wamefundishwa kufuga bandani, na maziwa yao yakapata soko, hata kiwanda cha Tanga Fresh kikaanzishwa miaka ya 1990. Basi ukiisha kumfungia mnyama mlango, umemwondolea hiari ya kuchagua mahali pa kulia, na kupatengeneza ni juu yako. Akiyakataa majani machafu hana deko. Akiyala kwa njaa, aweza kumeza mayai ya minyoo pamoja nayo.

Neno lenyewe hori si geni kwetu. Wasomaji walijua katika Injili ya Luka, na watu wa pwani huita hori aina ya mtumbwi pia. Mtumbwi uliopasuka, usiofaa tena majini, ukiinuliwa juu ya mawe wafaa sana bandani. Hata gogo la mnazi uliokauka lafaa, kwa maana ni gumu nje na laini moyoni. Lichonge kwa tezo kama wachongavyo mtumbwi, wala usililaze juu ya udongo, lisioze upesi. Asiye na gogo atumie mbao, au pipa la plastiki lililopasuliwa kwa urefu. Fito zaweza kuwa miti ya mkonge, ile ichipuayo mmea ukaribiapo kufa. Mkonge huo Richard Hindorf aliuleta pande za Pangani mwaka 1893, nao wapatikana tele. Kamba za katani zitafunga vema, ila zifungwe asipozifikia kwa ulimi, maana atazila. Mikoko isiguswe: kuikata bila kibali ni kosa, na samaki wetu hukulia humo.

Vipimo si vigumu. Ng'ombe mmoja apewe upana wa dhiraa moja na nusu. Chini ya hori painuke shibiri moja juu ya sakafu asimamapo, na ukingo wa upande wake usipite sana dhiraa moja, ili ale ameinamisha kichwa kama malishoni. Ndivyo mate humtoka kwa wingi, nayo husaidia tumbo lake. Juu ya ukingo funga mti mmoja wa kulala, kama sentimita 110 toka sakafuni, umzuie asiingize miguu wala asirushe majani nyuma. Toboa tundu la kutokea maji ya kuoshea. Ezeka kwa makuti. Majani na yakatwe vipande vya vidole vitatu, asichague majani akaacha mashina.

Lakini hapa twawakemea hata walio hodari. Mmoja huokota pipa lililochukua dawa ya kuogeshea, akalisuuza mara moja, akamlishia ng'ombe. Mwingine hupaka mbao oli chafu ya gari, nayo mnyama huilamba. Mwingine huacha misumari na vipande vya waya. Ng'ombe hatafuni kwanza, humeza, na chuma kile hukaa tumboni mpaka kitoboe kuelekea moyoni. Rangi kuukuu juu ya mbao huweza kuwa na risasi, sumu yake huua. Ufundi wa namna hii ni heri usingefanywa.

Na maji yawe na chombo chake. Sehemu kubwa ya maziwa ni maji, na kwa joto la Tanga ng'ombe akamuliwaye lita kumi aweza kunywa lita 50 na zaidi kwa siku. Ndoo moja asubuhi na moja jioni haitoshi, hata mabingobingo yakijaa.

Watasema hori ya mnazi itaoza. Naam, itaoza, na siku hiyo itachongwa nyingine. Tezo lipo, na mnazi mkavu upo shambani.