Kibali cha miaka minane, pensheni ya miaka kumi na tano

Shule za mchepuo wa Kiingereza si jambo geni tena mkoani Singida. Mzazi aliyeuza alizeti katika msimu mzuri, au anayeendesha duka kandokando ya barabara kuu ya kwenda Mwanza, hujinyima mengi ili mwanawe asome huko. Kabla ya kulipa ada huuliza Kiingereza kinafundishwa na nani. Jibu linalomtuliza, liwe la haki au la mazoea tu, ni kwamba mwalimu ametoka Kenya au Uganda.

Mwalimu huyo amekuwa sehemu ya elimu yetu tangu milango ya shule binafsi ilipofunguliwa katika miaka ya 1990. Hufika na vyeti vyake, akapata kibali, akapanga chumba, akajifunza salamu za Kinyaturu, akaingia darasani. Watoto aliowafundisha kusoma wamekwisha kuwa watu wazima, na baadhi yao sasa wanalipa ada za watoto wao. Kitakachomfaa yeye siku akiiweka chaki chini ni jambo ambalo mwajiri halitaji na Serikali hailitaji. Mara nyingi naye hulikwepa, kwa kuwa analipwa kwa mkataba na mwenye mkataba huhesabu hadi mwisho wa mkataba.

Tunaandika leo kwa sababu hesabu yake haikai sawa, na kila mwaka unaopita unaongeza watu watakaoumia.

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 humpa mgeni kibali cha kazi cha miaka miwili kinachoweza kuhuishwa. Jumla yake haikutakiwa kuzidi miaka mitano, na marekebisho ya mwaka 2021 yakaifikisha minane. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, nayo inamtaka mwanachama awe amechangia kwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15, ndipo alipwe pensheni ya kila mwezi. Miaka minane ni miezi 96. Kwa utaratibu wa kawaida, basi, sheria moja inamtaka mwalimu mgeni achangie mfuko, na sheria nyingine inahakikisha kwamba ataondoka nchini kabla ya kuifikia pensheni ya mfuko huo.

Kila sheria ina sababu yake. Ukomo wa kibali unalinda ajira ya Mtanzania, na miaka 15 inaulinda mfuko usilipe pensheni ya maisha kwa mtu aliyechangia kidogo. Kosa ni kwamba waliotunga ya kwanza na waliotunga ya pili hawakuziweka meza moja wakamtazama mtu anayebanwa na zote mbili.

Tuchukue kima cha chini cha shilingi 207,000 kwa mwezi, kilichokuwa kimewekwa kwa shule binafsi na amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023. Michango ya NSSF ni asilimia 20, ambayo kwa kawaida nusu yake hukatwa kwa mfanyakazi na nusu hutoka kwa mwajiri. Hiyo ni shilingi 41,400 kwa mwezi. Kwa miaka minane ni shilingi 3,974,400. Walimu wengi wa kigeni hulipwa zaidi ya kima hicho, na tunalijua hilo. Lakini hata ukiuzidisha mshahara mara tatu, fedha hiyo ni mtaji wa kufungulia kibanda, haiwezi kumtunza mzee kwa miaka ishirini. Asiyefikisha miezi 180 hupewa mkupuo, na mkupuo wa mwalimu mwenye watoto sekondari huisha kabla ya mwaka kwisha.

Tena hiyo ni pale michango inapopelekwa. Sheria inamtaka mwajiri aiwasilishe ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kwisha, na malalamiko ya makato yasiyofika kwenye mfuko ni ya siku nyingi, kwa wenyeji na kwa wageni. Mgeni ndiye rahisi zaidi kunyamazishwa, kwa sababu aliyeshika michango yake ndiye anayemwombea kibali. Wapo pia wanaokubaliana na mwajiri kwamba makato yaachwe na mshahara utolewe wote mkononi, wakijiambia kwamba pensheni yenyewe hawataiona. Hatuwezi kuwalaumu sana wanaopiga hesabu hiyo ilhali sheria ndiyo iliyowafundisha.

Mwalimu wa aina hii haanzii wala haishii Singida. Huenda alifundisha Kampala miaka sita, akaja kwetu minane, kisha akapata shule Nairobi akakaa mitano. Ana miaka 19 ya kazi, yote ya kufundisha, yote ndani ya Jumuiya moja ya Afrika Mashariki. Lakini kila mfuko unamhesabu kana kwamba ameanza kazi siku alipovuka mpaka wake. Mifuko yenyewe haifanani: wa Uganda hulipa mkupuo, wetu hulipa pensheni, na Kenya bado inaendelea kuitekeleza sheria yake ya mwaka 2013 baada ya mvutano mrefu mahakamani. Ugumu huo ni wa kweli. Lakini ndio ulioifanya kazi ya kuoanisha iwe ya lazima, haukupaswa kuwa sababu ya kuiahirisha.

Ndani ya nchi tumekwisha kulitatua jambo hili. Mtanzania aliyeanzia shule binafsi akichangia NSSF, kisha akaajiriwa serikalini na kuingia mfuko wa watumishi wa umma, PSSSF, vipindi vyake huunganishwa ili miaka isipotee. Nchi za Umoja wa Ulaya hufanya hivyo hata kwa mifuko iliyotofautiana kuliko yetu: miaka yote hujumlishwa kuamua kama mtu amefikia sifa, halafu kila nchi hulipa sehemu inayolingana na muda aliofanya kazi kwake. Japani, ambayo huajiri vijana wengi wa kigeni kufundisha Kiingereza kwa mikataba isiyozidi miaka mitano chini ya mpango wa JET, ilikuwa ikidai miaka 25 ya michango. Agosti 2017 ikaishusha hadi 10, na anayeondoka mapema ana haki ya kudai mkupuo. Korea Kusini humrejeshea Mmarekani au Mkanada michango yake anapofunga mizigo. Mwalimu anayekwenda huko anajua tangu mwanzo atatoka na nini.

Sisi tunao mkataba wetu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Ibara ya 10 inampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki na mafao ya hifadhi ya jamii sawa na mfanyakazi wa nchi anakofanyia kazi, na inalipa Baraza la Mawaziri jukumu la kutoa maelekezo na kanuni za mafao hayo. Aliyekuwa na umri wa miaka 45 siku itifaki ilipoanza kutumika amekwisha kuifikia 60. Vikao vimefanyika Arusha, safari ya siku moja kwa basi kutoka hapa kupitia Katesh na Babati, rasimu zimejadiliwa, wataalamu wamesaini posho. Mwalimu bado anasubiri kanuni inayoweza kuunganisha miaka yake ya Kampala na ya Singida.

Historia ya mkoa huu inaonyesha jinsi mwalimu mgeni wa leo alivyo mpweke. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani waliingia Iramba katika miaka ya 1920, na alama zao bado zinaonekana Kiomboi na Kinampanda. Baada ya uhuru walikuja vijana wa kujitolea wa Peace Corps. Hao wote walikuwa na mtu nyuma yao: mmisionari alikuwa na kanisa lililomtuma, na kijana wa kujitolea aliwekewa akiba ya kuanzia maisha atakaporudi kwao. Aliyekuja kwa basi kutoka Kisumu au Mbale, kwa mkataba alioutafuta mwenyewe, hana bodi wala ubalozi unaomuulizia. Ndiye kati ya walimu wote wa kigeni waliopita hapa anayefanana nasi zaidi, na ndiye tuliyemwekea kidogo kuliko wote.

Tunajua litakaloulizwa: kwa nini gazeti la Watanzania lililie uzee wa wageni wakati vijana wetu wenye shahada za ualimu wako mitaani, wengine wakifundisha kwa kujitolea bila mshahara? Swali ni halali, na jibu lake liko kwenye daftari la mishahara. Mwajiri asiyemchangia mgeni anaokoa asilimia 10 ya mshahara wake. Mgeni anakuwa wa bei nafuu, na kijana wa Mkalama au Ikungi mwenye sifa zilezile anaachwa kwa sababu yeye anajua njia ya kwenda ofisi ya NSSF kulalamika. Haki ya mgeni ikipuuzwa, wa kwanza kuumia ni mwenyeji anayeshindana naye kwenye usaili.

Mtoto naye anaumia. Mwalimu asiyeona uzee wake mahali alipo hukaa kama aliye kituoni akisubiri basi. Akipata nafasi Dodoma yenye nyongeza ya shilingi elfu hamsini ataondoka katikati ya muhula, na darasa la saba litabaki na mwalimu wa zamu. Mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 imelipa somo la Kiingereza uzito tangu madarasa ya chini. Uzito huo hauwezi kubebwa na walimu wanaopishana mlangoni.

Na tukumbuke kwamba nasi tumeanza kuwa wageni kwa wenzetu. Afrika Kusini iliamua mwaka 2018 kukiingiza Kiswahili shuleni kama somo la hiari. Umoja wa Afrika ulikipa nafasi ya lugha ya kazi Februari 2022, na Julai mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha kiwe lugha rasmi. Viongozi wetu wamesimama majukwaani wakiwahimiza vijana wachangamkie soko hilo. Kijana wa Manyoni atakayekwenda kufundisha Kiswahili Gulu au Durban atakutana na swali lilelile la miaka yake, na siku hiyo hatutakuwa na haki ya kudai kwa majirani tusichowapa walimu wao.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Tanzania, mwenyeji wa makao makuu ya Jumuiya, ilipeleke suala la kuunganisha vipindi vya uchangiaji kwenye kikao kijacho cha Baraza la Mawaziri likiwa na tarehe ya mwisho, si rasimu nyingine. Likikwama tena, tukubaliane na Kenya na Uganda peke yao, kwa kuwa huko ndiko wanakotoka wengi wa walimu tunaowazungumzia. Wamiliki wa shule, kupitia chama chao cha TAMONGSCO, waache kuutangaza mchepuo wa Kiingereza kwa mabango huku wakiwaficha wanaoufundisha.

Kuna moja lisilohitaji kikao cha Arusha wala muswada bungeni. Kamishna wa Kazi ndiye anayetoa kibali, na ndiye anayekihuisha. Kuanzia maombi yajayo aitake kila shule iambatishe taarifa ya michango ya mwalimu kutoka NSSF, mwezi kwa mwezi, tangu siku alipoajiriwa. Pakiwa na pengo, mwajiri alilipe kwanza na adhabu yake ndipo faili lipokewe. Na mwalimu asiadhibiwe kwa kunyimwa kibali kwa deni lisilo lake. Ofisi hiyo ikianza sasa, atakayefika Singida Januari akiwa na kibali chake cha kwanza atakuwa na michango iliyokamilika ya kuunganishwa na mingine, siku nchi za Jumuiya zitakapokubali kuiunganisha.