Mwenye Fahali Naye Ana Hatia

 

Neno la leo ni refu na wengine halitawapendeza. Fungua Kutoka 21, soma mstari wa 28 mpaka wa 36, halafu rudi hapa. Na tafadhali usiandike "Amina" kabla hujafika mwisho. Unaweza kutamani kuifuta.

Jumapili tatu zilizopita mzee mmoja wa kanisa letu alisimama kutoa shukrani. Fahali wake alikuwa ameshinda Jumamosi. Alitoa ushuhuda vizuri, akasema Bwana amempigania, akaweka shilingi 20,000 madhabahuni kwa ajili ya mabati. Kanisa likapiga makofi na akina mama wakapiga vigelegele. Na mimi mchungaji wenu nikainua mikono nikaibariki ile sadaka. Nataka hilo lieleweke kabla sijamgusa mtu mwingine yeyote. Niliibariki mimi.

Jumatatu nilikuwa nakwenda kumwombea mgonjwa, nikapita kwenye boma la yule aliyeshindwa. Fahali wake alikuwa amefungwa chini ya mparachichi. Jicho la kushoto halikuwepo. Pale palipokuwa na jicho palijaa nzi. Begani alikuwa na tundu ambalo ngumi yangu ingeingia. Alikuwa amesimama kimya kabisa, kichwa chini. Nikamuuliza mwenye boma kama amemwita daktari wa mifugo. Akacheka. Akaniambia, "Pasta, huyo ni wa bucha. Namngoja mnunuzi tu."

Nikarudi kwenye pikipiki yangu na ile shukrani ikaanza kunisumbua tumboni. Bwana amempigania nani, dhidi ya nani?

Sasa mtu asiniambie mimi ni mgeni wa mambo haya. Nimezaliwa Kakamega. Baba yangu alikuwa na fahali. Nikiwa na miaka tisa nilikuwa mbele ya msafara na tawi mkononi, nikiimba mpaka sauti inakauka, miguu ikiwa na umande wa saa kumi na mbili asubuhi. Naijua ile raha ya kusikia isukuti ikija kutoka bonde la pili na kujua kwamba wanaokuja ni wale tutakaowashinda. Na ninajua jinsi fahali anavyotengenezwa. Anatengwa na ng'ombe wengine. Anafungiwa mahali pa giza ili akitoka awe na hasira ya kila kitu. Pembe zinanolewa kwa tupa au kwa kipande cha chupa. Usiku wa kuamkia mchezo kuna wanaomnywesha busaa au chang'aa, na kuna wanaomchanganyia bangi kwenye chakula. Asubuhi anatembezwa kilomita kadhaa katikati ya kelele na fimbo. Akifika uwanjani tunasema, "Tazama, ana hasira ya kuzaliwa!" Hasira ya kuzaliwa wapi, ndugu yangu? Hiyo tumeipika sisi usiku kucha.

Turudi kwenye Neno. Kutoka 21 inazungumza habari za ng'ombe anayepiga kwa pembe. Mungu anaweka tofauti ambayo wengi tunaipita haraka. Ng'ombe akimuua mtu kwa mara ya kwanza, bila mtu yeyote kujua kwamba ana tabia hiyo, ng'ombe anapigwa mawe na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ilijulikana kwamba ng'ombe huyo ana desturi ya kupiga, na mwenyewe alionywa, na bado hakumfunga, basi hatia inapanda kutoka kwenye pembe mpaka kwenye kichwa cha mwenye ng'ombe. Adhabu yake ni kifo, isipokuwa akubaliwe kulipa fidia ya uhai wake.

Angalia kosa lenyewe: kutomfunga. Uzembe tu. Mtu huyo hakunoa pembe wala hakumpa ng'ombe pombe. Hakumpeleka uwanjani penye watoto. Alijua, akanyamaza, na Mungu akamhesabia damu. Sasa wewe unayemfuga huyo fahali kwa ajili ya ile desturi yenyewe, unayemlipia kijana amzoeze, unayemsifu kwa jina kila anapomwaga damu, utasimama mstari gani katika sura hiyo?

Kuna mistari miwili ya mwisho, wa 35 na wa 36, ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa Kakamega. Inahusu ng'ombe wa mtu mmoja kumuumiza ng'ombe wa jirani yake mpaka akafa. Ndiyo, imo ndani ya Biblia yako, mafahali wawili wa majirani! Na Mungu anaiita nini? Anaiita hasara. Wanauza aliye hai, wanagawana fedha, wanagawana na mzoga. Na kama ilijulikana kwamba ng'ombe yule ni mpigaji, mwenyewe analipa ng'ombe kwa ng'ombe. Jambo ambalo torati ililiita hasara ya kulipwa, sisi tumeliita ushindi na tumelitolea shukrani kanisani.

Januari 2024 sote tulisikia habari za fahali wa seneta wetu wa Kakamega, aliyemuua mtu aliyekuwa akimtunza. Fahali naye akauawa kwa mkuki. Simhukumu mtu katika msiba, na familia ile iliyobaki bila baba naiombea mpaka leo. Lakini wapendwa, mlitazama picha mkabishana kuhusu mkuki wiki nzima. Nani alibishana kuhusu mchezo? Jumamosi zilizofuata watu walikuwa uwanjani kama kawaida.

Na hapa kwetu yupo kijana, mtoto wa shemasi wetu mmoja, mnamjua, anatembea kwa magongo tangu mwaka jana. Fahali aliyeshindwa aligeuka kukimbia, kama wanavyofanya, akaingia kwenye umati. Mama yake ameuza ng'ombe wa maziwa kulipa hospitali. Mwenye fahali alileta sukari kilo mbili.

Sasa majibu ninayoyapata tangu nianze kusema jambo hili.

Mzee mmoja anayesoma sana Biblia (namheshimu) alinitumia ujumbe akaniuliza kama sijasoma 1 Wakorintho 9, ambapo Paulo anauliza kama kweli Mungu anajali ng'ombe. Nimesoma, mzee wangu. Sisi wachungaji tunalipenda sana andiko hilo, hasa mwisho wa mwezi, kwa sababu Paulo analitumia kudai watumishi walipwe. Lakini hoja yake inapanda ngazi. Ikiwa Mungu alikataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, Kumbukumbu 25:4, je, si zaidi sana mtu anayefanya kazi? Ukiing'oa ngazi ya chini, ya juu inaanguka. Kama Mungu hajali ng'ombe, basi na mshahara wangu hauna andiko.

Mwingine akasema Biblia imejaa damu ya mafahali. Ni kweli, na ilikoma msalabani. Lakini hata kabla ya hapo, soma Walawi uniambie ni wapi makuhani waliwasha ngoma wakatazama mnyama akiteseka nusu saa huku watu wakiwekeana pesa. Nyama nakula, mnajua. Krismasi nilikula kwenu. Kuchinja ni jambo moja, na kumgeuza mnyama kuwa tamasha la maumivu ni jambo lingine, na dhamiri yako inajua tofauti hata kama mdomo unabisha.

Nikiwa chuo cha Biblia tulisoma Kiebrania kidogo. Kingi nimesahau, mwalimu wangu anisamehe. Lakini Mithali 12:10 sijaisahau. Mahali pale panaposema mwenye haki anaujali uhai wa mnyama wake, neno lililotumika ni nefesh, nafsi, na kitenzi chake ni kujua. Mwenye haki anaijua nafsi ya mnyama wake. Nikimkumbuka yule chini ya mparachichi, najiuliza ni nani katika boma lile aliyeijua nafsi yake. Walikijua kifua chake, pembe zake na bei yake.

Wa tatu, na hawa ndio wengi, wanasema, "Pasta, hii ni mila yetu, usituletee mambo ya wazungu." Nisikilizeni vizuri. Papa Pius wa Tano alipiga marufuku michezo ya mafahali mwaka 1567, na wazungu wa Hispania wanaendelea nayo mpaka leo. Kwa hiyo ukatili huu hauna rangi. Chama cha kwanza cha kuwatetea wanyama pale London kilianzishwa mwaka 1824 na watu wa kanisa. William Wilberforce, yule yule aliyepigana na biashara ya watumwa, alikuwa mmoja wao, na kasisi Arthur Broome aliyekiongoza alifungwa jela kwa sababu ya madeni ya chama hicho. Mtu wa Mungu alilala gerezani kwa ajili ya punda na ng'ombe. Mimi nimepoteza mabati tu.

Najua mtasema kwetu si kama Hispania, kwetu hakuna mtu anayemchoma fahali upanga, ni wanyama wenyewe wanapigana, na mmoja akikimbia imekwisha. Ni kweli, kwetu upanga haupo. Lakini jogoo wawili wakipigana uani unawatenganisha. Mafahali wawili wakikutana malishoni mchungaji wao anawaachanisha kwa fimbo. Ni Jumamosi peke yake ambapo fimbo inatumika kuwarudisha vitani.

Na mila, nani ameikataa? Isukuti ni yetu. Mwaka 2014 UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na nilifurahi kama mtoto. Isukuti hupigwa mtoto akizaliwa, hupigwa arusini, hupigwa tunapomzika mzee. Haihitaji jicho la ng'ombe. Hata baba zetu waliopeleka mafahali kwenye matanga ya shujaa, hawakuwa na kamari ya simu mfukoni. Leo kijana anaweka karo ya mdogo wake kwenye pembe za ng'ombe, halafu tunasema tunalinda mila.

Nchi hii ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Ipo tangu kabla sijazaliwa. Wanaopaswa kuisimamia wamekaa jukwaani chini ya hema, wanangoja kukabidhi zawadi. Nao nitawaachia Mungu wao. Mimi nimepewa zizi hili.

Basi nilichofanya ni hiki, mkisikie kwangu kabla hamjakisikia sokoni. Jumatano nilimrudishia mzee wetu zile 20,000, mbele ya wazee wawili. Niliungama kwamba mimi ndiye niliyekosa kwanza kwa kuzipokea. Aliumia. Aliniambia nimemdharau mbele ya watu, na Jumapili iliyopita yeye na nyumba yake hawakuja ibadani. Viti vyao vyote saba vilikuwa wazi na kila mtu aliviona. Sikulala vizuri usiku ule. Mtu huyu alinibebea matofali tulipoanza kanisa hili chini ya turubai.

Mzee wangu, najua unasoma hapa hata kama hujibu. Sijakufukuza na sitakufukuza. Kiti chako ni kile kile. Njoo nyumbani jioni yoyote, Mama Pasta atapika chai, tuzungumze kama baba na mwana. Fahali wako ni mzuri, ana nguvu. Ana miaka ya kulima mbele yake, na ndama wengi.

Kwa kanisa: kuanzia leo sadaka ya mchezo huo haitapokelewa madhabahuni kwetu, iwe ya mshindi au ya aliyeweka kamari. Paa limebakiza mabati 34 upande wa akina mama. Mvua ikija tutahamia wote upande wa akina baba.

Kwa vijana: Jumamosi hii najua kuna mchezo, na najua mmeshaalikwa. Saa kumi na mbili asubuhi, saa ile ile, tukutane kanisani. Tutakwenda kwa yule mama shemasi kumlimia shamba lake, halafu mchana tutakula pamoja. Daktari wa mifugo amekubali kupita nami kwenye lile boma lenye mparachichi kama mnunuzi hajafika. Mwenye kujua kupiga isukuti, aje na ngoma yake.