Lawama za Januari na Somo la Wakati

Kila mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, wazazi wengi husutwa kwa kosa lile lile. Huambiwa kwamba walitapanya fedha kwa nyama na nguo za Krismasi hali wakijua fika kuwa karo inawangoja. Nilipokuwa mwalimu, hata mimi nilizoea kuwasuta hivyo. Leo naungama kwamba nilikosea, kwani nilikuwa nimefahamu nusu tu ya somo la uchumi. Nusu hiyo huuliza mtu hutumia kiasi gani. Nusu ya pili huuliza hutumia lini.

John Maynard Keynes, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1936, alieleza kwamba matumizi hutegemea hasa mapato ya wakati uliopo. Waliomfuata hawakuridhika. Katika miaka ya 1950, Franco Modigliani alisema kwamba mtu hupanga matumizi kwa kuutazama umri wake wote: hukopa ujanani, huweka akiba akiwa kazini, na huila akiba hiyo uzeeni. Mwaka wa 1957 Milton Friedman naye akashikilia kwamba mtu huongozwa na mapato anayoyatarajia kwa muda mrefu, wala si bahati ya mwezi mmoja. Wote wawili walitunukiwa tuzo ya Nobeli.

Nadharia hizi zina mantiki, ila zina masharti. Mtu awe na mahali salama pa kuweka akiba, aweze kukopa kwa riba nafuu, na aweze kujinyima leo kwa ajili ya kesho. Mwenye mshahara na akaunti ya benki huenda akayatimiza. Je, mkulima wa mahindi huko Busia, ambaye hupata fedha za maana wakati wa mavuno tu? Waswahili husema akiba haiozi. Lakini mahindi ghalani huliwa na fukusi, na fedha zilizofichwa nyumbani humalizwa na maradhi na misiba. Na akikopa? Mkopo wa simu wa M-Shwari, ulioanzishwa mwaka wa 2012, ulitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukirudiwa mwezi baada ya mwezi, hiyo ni asilimia 90 kwa mwaka.

Huko huko Busia, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011. Wakulima wengi walinuia kutumia mbolea, lakini ilipohitajika fedha zilikuwa zimekwisha. Watafiti waliwaendea mara tu baada ya mavuno, wakawauzia mbolea kwa bei ya kawaida na kuwaahidi kuwafikishia bila malipo. Waliotumia mbolea wakaongezeka kwa karibu nusu au zaidi. Ahadi hiyo hiyo ilipotolewa baadaye, karibu na wakati wa kuitumia mbolea, haikufua dafu.

Tulizingatie jambo hili. Mkulima alikuwa yule yule, na bei ya mbolea ile ile. Kilicholeta tofauti kubwa ni tarehe.

Sikatai kwamba wapo wazazi watapanyaji. Hata hivyo, kumhubiria ubanifu mtu ambaye fedha zake huja Agosti na bili yake Januari ni kumdhulumu. Mbona shule zetu za mashambani zisifungue daftari la karo msimu wa mavuno, zikapokea malipo ya mwaka ujao kidogo kidogo, na kutoa risiti kwa kila shilingi? Mzazi atakuwa amezihifadhi fedha zake pasipoguswa na msiba wala sherehe, na shule itaanza muhula ikiwa na cha kununulia unga na maharagwe.

Walimu wenzangu, tufundishapo matumizi na akiba, tusiishie kwenye kiasi. Nanyi wanafunzi, mkimsikia mtu akilaumu maskini kwa ubadhirifu, muulizeni kwa adabu: fedha hizo alizipata lini, na alitakiwa kuzilipa lini?