Ramani za Baba na Mwana

Tanzia za wasomi wetu zimekuwa kama fomu: aya ya shahada, aya ya jeshi ikiwa marehemu alipigana, kisha mwishoni, mbio mbio, "ameacha mjane na watoto". Kwa toleo hili la kumbukumbu tumewaomba waandishi waichane fomu hiyo. Atakayeuliza kwa nini, tutamtajia Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefariki mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 82.

Alizaliwa Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali ya wilaya, lakini akitoka kazini aliwavika pete ndege wa bustanini kwake na kuchora ramani ya himaya ya kila mmoja. Rangi zilimchanganya macho, basi akawatofautisha kwa umbo la pete. Ukimtupa mzee huyu kwenye sentensi ya mwisho, humwelewi tena mwanawe.

Jeshi nalo si pambo. Burkitt alipoteza jicho moja utotoni, na maombi yake ya kwanza ya kazi ya udaktari katika makoloni yalikataliwa kwa sababu hiyo. Vita vilimchukua vivyo hivyo, vikamleta Kenya na Somalia. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, muuguzi; 1946 akaripoti kazini Lira, Uganda, kisha akahamia Kampala.

Mwaka 1957 Dakta Hugh Trowell alimwita wodini katika hospitali ya Mulago amtazame mtoto aliyevimba taya zote, kushoto na kulia, juu na chini. Ugonjwa haukufanana na chochote alichokijua. Muda si mrefu, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi nje na mama yake, uvimbe ni uleule. Wengi wangesema ni sadfa, wakaendelea na foleni ya wagonjwa. Yeye alichapisha vikaratasi vyenye picha, akavituma hospitali za serikali na za misheni huku na huku Afrika: je, huu mnauona huko kwenu? Majibu akayatia kwenye ramani. Mwaka 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson waliingia kwenye Ford kuukuu, wakashuka hadi kusini mwa bara, maili zipatazo 10,000, wakiutafuta mpaka wa ugonjwa. Penye joto na mvua ulikuwepo. Nyanda za juu zenye baridi, hakuna. Ramani hiyo ndiyo iliyowafanya watu waitazame malaria, ambayo nayo hustawi penye joto na mvua, kama mshirika wa ugonjwa huu. Na katika vipande vya uvimbe alivyopeleka London ndimo Anthony Epstein na wenzake walimogundua kirusi walichokitangaza 1964.

Tunabishana na wanaomsifu kwa jambo moja. Safari ile ilichukua wiki kadhaa, naye alikuwa baba wa mabinti watatu. Kuna mtu aliyeshika nyumba. Na kila alama kwenye ramani ni tabibu au mtawa wa hospitali ya porini aliyeacha usingizi akajibu barua ya mtu asiyemjua. Katika kurasa zinazofuata, waandishi wetu wametakiwa kuwataja watu wa namna hiyo kabla hawajafika kwenye medali.